Ghorofa la Mama Igogo: Idi ambayo hatukupaka rangi

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Hili limetukuta nyumbani na sijalitia chumvi. Nikiandika kwa kurukaruka mnisamehe, bado nina furaha.

Mama anaishi Igogo kwenye ghorofa moja la zege na tofali za kuchoma, alilolijenga marehemu baba kidogo kidogo. Kuhama hataki hata kusikia.

Mwaka huu kipande cha dari kikaanguka jikoni. Zege lenyewe, siyo plasta. Hakikumpata mtu, ila nondo ilibaki wazi, imeliwa na kutu hadi inatoa magamba.

Kaka yangu akaja juu. Akasema nyumba ivunjwe, Mama ahamie kwake Kiseke. Mama akasema Kiseke atakuja kutembea tu.

Mwisho tukakubaliana aitwe injinia, na atakachosema ndicho. Niliogopa sana wakuu. Nilijua likivunjwa lile ghorofa, Mama naye hatakaa sana.

Injinia alipita akigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Mahali panapolia kama debe tupu, zege limeachana kwa ndani. Dari ya jikoni ililia hivyo. Nguzo zilikuwa nzima.

Kilichomtia wasiwasi ni ufa wa ukuta wa ngazi. Nyumba yetu, kama nyingi za huku, upande mmoja imekaa juu ya jiwe na mwingine juu ya kifusi. Ufa uko hapo hapo pande hizo zinapokutana. Akauliza umeanza lini.

Mama akasema zamani, kaka akasema juzi.

Kwetu kila Idi ikikaribia fundi anaziba nyufa zote na kupaka rangi, wageni wakute nyumba inang'aa. Ndivyo ilivyo tangu enzi za baba. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama ufa ni wa zamani au wa juzi, na kama bado unakua.

Injinia akabandua plasta (chini yake zilitoka rangi za Idi zote, kijani, krimu, waridi). Akagandisha vipande vya kioo juu ya ufa kwa saruji. Ukuta ukisogea, kioo kinapasuka. Akasema masika yote pasiguswe. Jikoni tukasimamisha mirunda kushikilia dari, Mama akawa anapikia uani.

Sasa Idi ikaangukia humo humo kwenye masika.

Fundi rangi akaja na brashi zake bila kuitwa, amezoea. Mama akanipigia analia, anaona aibu kupokea watu kwenye ukuta uliochubuliwa.

Nikamwambia, "Mama, ukipaka hatutajua tena kama nyumba inasogea. Na kaka atakuhamisha."

Hakukata simu. Kisha nikamsikia anamwambia fundi arudi kwake.

Siku ya Idi kila mgeni aliuliza vile vioo ni vya nini. Kufikia mchana Mama alikuwa anawaeleza utadhani injinia ni yeye.

Mvua zilipokata injinia akarudi. Vioo vyote vizima.

"Mama, ufa huu ni wa zamani, nyumba ilipokuwa inajikalisha," alisema. "Sasa imetulia. Bomba la bafu la juu linavuja, ndilo limeozesha nondo za jikoni. Tutakata dari hiyo tumwage mpya."

Mama akaketi ngazini. "Kwa hiyo siendi Kiseke?"

"Huendi popote, mama."

Akajifunika uso kwa mtandio. Na mimi nililia, mtu mzima na ndevu zangu.

Dari mpya imeshakauka. Juzi Mama alimwita kaka kula, akamkalisha jikoni. Anasema alikula huku anatazama juu.

Nilichojifunza: wazee wana nyumba ya siku nyingi? Itazame kabla ya fundi rangi, na bomba linalovuja usilivumilie. Mafundi na mainjinia wa humu nirekebisheni nilipokosea. Na wewe ambaye kwenu mmeshaanza kuziba nyufa za Idi ijayo, hebu tuambie: huo mkubwa umeanza lini?