Siku Askale Alipokuwa Fisi

Asubuhi ile Yeshimebet aliamka kabla ya jogoo, akachochea moto, akateleka kahawa, na kabla haijachemka alikwisha kuuliza mara ya pili.

"Baba Getu, umemaliza?"

"Bado."

"Bado nini? Ni leso hiyo, si hema la mfalme!"

Wendirad, mumewe, ndiye Baba Getu, alikuwa shimoni. Mfumi wa Menz, nyanda za juu za Uhabeshi, hukaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani, kitanda cha kufumia mbele yake, kiuno sawa na sakafu. Mtu akipita, mfumi huona nyayo kabla ya uso. Asubuhi ile aliona nyayo za mkewe zikienda na kurudi, zikienda na kurudi, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kazi yake ilikuwa mablanketi ya sufu, mazito, ya kuwafaa watu wa mlima wenye baridi. Vidole vyake vilizoea nyuzi nene. Leso ile ilikuwa ya pamba, na uzi wake Yeshimebet aliusokota mwenyewe mfungo mzima, mwembamba hata ukiushika hujui kama umeshika. Ulikatika kila Wendirad alipopiga chafya.

"Lazima iwe nyepesi," alisema Yeshimebet kwa mara nyingine. "Ikianguka isisikike hata mbinguni."

"Usikufuru, mama. Ni Pasaka."

"Mungu ananielewa. Yeye ndiye aliyempa Askale mgongo ule."

Mgongo wa Askale ulijulikana mji mzima. Kila Jumatatu ya Pasaka watu wa mtaa wa chini walicheza leso uwanjani, chini ya kanisa: watoto, mama zao, na vikongwe wenye magoti ya kuombewa. Mnachuchumaa duara. Mmoja anazunguka nje na leso, anaimba, mnamjibu, na kugeuka nyuma ni mwiko. Anaidondosha nyuma ya mmoja wenu kisha anatimua mbio. Ukiihisi, unaiokota na kumfukuza. Ukimkamata kabla hajaikalia nafasi yako, yeye ni fisi. Akikuwahi akakaa, fisi ni wewe. Na fisi huingia katikati, akalia kama fisi, mpaka apatikane mwingine.

Askale hajawahi kuwa fisi. Tangu msichana mpaka mjane mwenye wajukuu, hajawahi. Alikuwa mwanamke wa kujiheshimu, mwenye sauti ya kanisani, na leso ikigusa nyasi nyuma yake aliihisi kama amemwagiwa maji. Watu walisema mgongo wake una macho. Yeye mwenyewe hakusema, alitabasamu tu, na tabasamu hilo ndilo lililomuudhi Yeshimebet maisha yake yote.

Walipendana, wale wawili. Walinywa kahawa pamoja kila siku, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Lakini leso ni leso.

"Mwaka huu nisipomweka katikati," alisema Yeshimebet akimwaga kahawa, "basi tena. Goti hili la kulia limeshaniaga."

Wendirad aliona kwamba hasemi mzaha. Akaongeza kasi, na uzi ukakatika.

Yeshimebet alizaliwa juu zaidi, kule ambako shayiri yenyewe hutetemeka. Alichunga kondoo pamoja na wavulana, na michezo aliijulia huko, kwenye baridi, kwa sababu asiyekimbia aliganda. Aliijua ya paka na panya, mnashikana mikono, panya mnamfungulia, paka mnambania. Aliijua ya leso mbili, ambapo anayefukuza naye anafukuzwa, na kabla hujakunywa maji duara zima liko mbio na hakuna ajuaye nani ni nani. Mingine aliibuni mwenyewe na kuapa kwamba aliikuta. Alipoletwa mjini kama bi harusi, wiki ya kwanza wakwe walimtafuta wamkabidhi ufunguo wa ghala, wakamkuta nje na watoto wa jirani, amefungwa macho, anabweka.

"Tumeletewa mke au mbwa?" aliuliza baba mkwe.

Wendirad, kijana asiye na maneno, alisema, "Anakimbia vizuri."

Ndiyo sifa pekee aliyoitoa hadharani. Haikuhitaji kuongezwa.

Tangu hapo mlango wao haukutulia. Watoto wakitoka shule walikuja kuugonga. "Bibi Yeshi! Tumegombana! Akidondosha leso katikati ya watu wawili, ni ya nani?" Na yeye huacha injera, ule mkate mpana kama chapati, kwenye sinia ya kuokea, inaungua, anatoka kwenda kuamua kesi. Wendirad alikula injera nyingi zilizoungua. Alizimaliza.

Sasa watoto walikuwa mlangoni tena, na asubuhi haikuwa changa.

"Bibi Yeshi! Duara limekaa! Bibi Askale anatoka kwake sasa hivi!" Huyo alikuwa Mekdes, msichana wa jirani, mwembamba, mwenye sauti ya tarumbeta.

"Baba Getu!"

"Nafunga pindo."

"Pindo la nini? Kata!"

Alikata. Yeshimebet aliinyakua leso kwenye uzi kabla kisu hakijatoka, akaitupa hewani. Leso ilikaa juu, ikafikiri, ikashuka bila haraka.

"Ee Mikaeli," alinong'ona. "Umefuma moshi."

Akaokota netela yake, ile shuka nyeupe ya pamba, akajitanda mbiombio hata hakuangalia, akatoka. Wendirad aliona nyayo zikiruka kizingiti. Hakuona zaidi.

Alikuwa bado anakusanya vipande vya uzi aliposikia baragumu la chama cha mazishi. Akavua kofia. Maskini, nani huyo, afe siku ya Pasaka, nyama bado chunguni? Kisha akasikia kilio. Kilio kilipanda njia, kikakata kona, kikasogea, na mlango ukasukumwa.

Aliona miguu. Mingi. Ya wanaume, ya wanawake, mingine haina hata viatu.

"Wendirad wetu! Fundi wetu! Umetuachia baridi!"

"Nani atatufumia? Ee Wendirad!"

Alichomoa kichwa kutoka nyuma ya kitanda cha kufumia. "Mnamlilia nani?"

Mama mmoja alipiga yowe akakalia kikapu cha pamba. Wengine walirudi nyuma, wakakanyagana. Mzee Bekure, mpiga baragumu, ambaye hakupenda kupitwa na msiba, alibaki amesimama na baragumu lake.

"Wewe," alisema.

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Umekufa."

"Lini?"

"Asubuhi hii! Mkeo amepita sokoni mbio, hamsalimii mtu, na taraza iko shingoni!"

Hapo Wendirad alielewa. Netela ina taraza ya rangi kwenye pindo. Ikining'inia chini, mambo ni mazuri. Ikipandishwa shingoni, nyumbani kuna maiti, na hakuna mtu mwenye akili anayefanya mzaha na hilo. Yeshimebet, kwa haraka yake, alijitanda juu chini. Na nyumbani kwao, mbali na yeye, alikuwamo mtu mmoja tu wa kufa.

"Amekwenda kucheza leso," alisema Wendirad.

Mama aliyekalia kikapu alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, na nyumba nzima ikapasuka.

"Sasa mimi nifanye nini?" alilalama Mzee Bekure. "Nimeshapuliza!"

"Livute, pumzi irudi," alisema Wendirad.

"Na jembe nimeshaazima!"

"Ukalime."

Walimtoa shimoni kwa mikono, wakamfuta vumbi, wakateremka naye uwanjani. Waliokuja kumzika ndio waliomsindikiza.

Yaliyotokea kule kabla hajafika, Mekdes alimsimulia baadaye huku akiigiza wote wawili. Askale alikuwa amekwisha kuchuchumaa mahali pake alipoiona taraza. Aliinuka, akamkumbatia Yeshimebet, akalia kwa sauti ile ya kanisani.

"Shoga, unalia nini?" alisema Yeshimebet. "Hata hatujaanza, umeshauogopa ufisi?"

"Pole, dada yangu. Alikuwa mtu mzuri. Mkimya, lakini mzuri."

"Nani huyo?"

"Mumeo!"

Na kutoka juu baragumu likasikika.

Yeshimebet aliangalia kifua chake, akaiona taraza, lakini wakati huo haikumwambia kwamba amekosea. Ilimwambia kwamba ni kweli, kwamba mikono yake ilijua kabla yake. Aligeuka, akapanda kilima akikimbia, goti likiwa limesahauliwa, na penye kona ya kanisa akakutana na mumewe anakuja na waombolezaji wake, amevaa kofia upande.

Alimshika masikio yote mawili, akamtikisa.

"Umekufa?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Nilikuwa nakusanya uzi."

Alimpiga kifuani kwa ile leso, na kwa kuwa ilikuwa nyepesi hakusikia kitu. "Usinifanyie hivyo tena, mzee wewe! Usithubutu!" Kisha akaigeuza netela, taraza chini, akafuta macho kwa kiganja, na Wendirad akaona jicho la mkewe limekwenda uwanjani. Akaona limemtafuta Askale na kumpata.

"Twende," alisema Yeshimebet. "Upesi, kabla hajamaliza kulia."

Duara halijawahi kuwa kubwa vile. Wote waliokuja mazishini walichuchumaa: wanaume wenye majembe, mama wa kikapu, Mzee Bekure na baragumu magotini. Wendirad, ambaye hakuwa amecheza tangu ujana, alibanwa kati ya watoto wawili. Ng'ambo ya pili alimwona Askale, anacheka na kulia pamoja, anapenga kamasi, anamwambia kila mtu, "Nimemwona amefufuka! Kwa macho yangu!"

Yeshimebet alianza kuzunguka, leso imezama kwenye ngumi.

"Leso yangu mmeiona?"

"Macho hatuna!"

"Itaangukia kwa nani?"

"Kwa aliyelala!"

Mzunguko wa kwanza alipita. Wa pili alipita. Alimpita Askale mara mbili bila kupunguza mwendo, na Askale, katikati ya kupenga, mgongo ulikaa tayari. Mara ya tatu Wendirad aliona kiganja cha mkewe kikifunguka. Kidogo tu, kama mtu anayeachia ndege. Leso ilishuka nyuma ya Askale, ikafikiri, ikatua juu ya majani ambayo hayakuinama.

Askale alikuwa anapenga.

Yeshimebet hakutimua. Alitembea hatua chache, akiimba, moyo wake wote ukionekana usoni, na watoto walioona walijiziba midomo kwa mikono miwili. Ndipo akakimbia.

Jinsi alivyokimbia! Sketi kaikunja kwa mkono mmoja, netela inapepea nyuma, viatu vya plastiki kimoja kimeruka upande huu na kingine upande ule. Duara lilikuwa pana kwa sababu ya waombolezaji, na hilo hakuna aliyelifikiria. Alipofika nusu, mkono wa Askale ulirudi nyuma kutafuta pindo la netela apengie tena, ukashika kitu chepesi mno.

"Mama yangu!"

Aliinuka kama kijana. Akakata mbio upande wa pili, apate kumkabili, watoto wakapiga kelele, "Si huko! Mfuate nyuma! Mfuate nyuma!" Akageuka, akateleza, akashika kichwa cha Mzee Bekure, akainuka tena. Uwanja mzima ulisimama. Wendirad naye alikuwa amesimama, anapiga kelele, hajui anasema nini. Baadaye walimwambia alikuwa anasema, "Anakimbia! Anakimbia!"

Askale alinyoosha mkono. Vidole vilishika taraza. Yeshimebet akaiachia netela yote mkononi mwake, akajitupa chini, akakaa mahali pa Askale, pu, kama gunia la shayiri.

"Fisi! Fisi! Fisi!"

"Si halali!" alihema Askale. "Nilikuwa nalia!"

"Nani alikukataza kulia huku unasikiliza?"

"Ulivaa msiba makusudi!"

Neno hilo lilikuwa zito. Yeshimebet aliinua mkono kuelekea kanisani. "Askale. Nimzushie mume wangu kifo? Kwa leso?"

Askale alimtazama Wendirad, mzima, kofia upande. Akashusha pumzi. "Hapana," alisema. "Huwezi."

Akaingia katikati. Mara ya kwanza alilia kama anayekohoa kwa adabu. "Huyo ni mbuzi!" walipiga kelele watoto. Akajaribu tena, akafumba macho, akainua shingo, na sauti ile ya kanisani ikatoka ndefu, ikapanda, ikapinda, ikashuka bondeni. Mbwa wa mtaa wa chini wote wakajibu. Mzee Bekure akapuliza baragumu. Yeshimebet alicheka mpaka akalala chali kwenye majani, miguu peku, na Wendirad alikwenda kuviokota viatu.

Majani yalikuwa na baridi. Usiku Yeshimebet alianza kukohoa.

Mji ulimlilia Wendirad siku ile, na Wendirad ndiye aliyebaki. Watu hulisema hilo kwa sauti ya chini. Yeye hulisikia, akaendelea kufuma.

Askale alikuja kila asubuhi na uji wa shayiri, na kila asubuhi alisimama mlangoni, hakutaka machozi yake yaonekane, akafoka kutoka huko huko.

"Mwambie mkeo aamke! Mjini wananiita Mama Fisi! Nataka nafasi yangu!"

Asubuhi ya mwisho Yeshimebet hakuwa na sauti ya kufika mlangoni. Alimvuta mumewe mkono, naye akainama. Aliyosema ndiyo haya, na Wendirad aliyapeleka mlangoni kama alivyopewa:

"Mwambie nafasi yake nimeikalia mimi. Akiitaka, aje anifukuze."