Siku Injini Ilipozimwa

Andika hivi, mjukuu wangu, wala usipambe.

Nyumba yetu ya mbao ilikuwa Majengo, mtaa wa Goma, nyuma ya ukuta wa uwanja wa ndege. Katika miaka ile ya vita, barabara ya kwenda msituni ilikuwa imekatika, na watu wa huko walikula kile tu kilichofika kwa ndege. Mimi niliuza kabichi. Zilitoka mji wa Kiwanja kwa lori, nami nikazipandisha katika ndege ndogo ya injini moja.

Ndege hiyo ilipakiwa injini ikiwaka. Ilikuwa desturi ya vita: risasi zikianza kulia, rubani aruke na kile kilichokwisha kuingia. Moshi ulivuka ukuta ukaingia kwetu, na harufu ya mafuta ikakaa katika mashuka, hata katika fufu, ugali wetu. Mama yako, kitinda mimba wangu, alikuwa mdogo wakati huo, na kifua chake kililia kama mlango mbovu. Muuguzi akaniambia, "Mama, mutoto huyu aondoke kwenye moshi. Umpeleke kwa ndugu zako Kiwanja."

Lakini watu wa Kiwanja ndio walikuwa wakikimbilia Goma, magodoro vichwani. Ningempelekaje mtoto mahali ambapo wengine wanapahama? Nami nilikuwa nimekwisha kukimbia bunduki mara nyingi; sikuwa tayari kukimbia moshi.

Baadaye mapigano yalisogea mbali na Goma. Injini, hata hivyo, ziliendelea kunguruma wakati wa kupakia. Nikamwendea rubani, mzee mnene mwenye mizaha.

"Papa, adui yuko wapi?"

"Adui gani, mama?"

"Huyo unayemwogopa. Mbona huzimi?"

Akacheka. "Mama Kabichi, betri ya ndege hii ni muzee kuliko mimi. Nikizima, itakataa kuwasha. Mizigo itaoza hapa, na wenzako watanipiga mawe."

"Mtoto wangu hapumui. Nyumba yangu ni ile pale."

Akaitazama nyumba, akaacha kucheka. Wachuuzi wenzangu, wanawake waliokuwa nyuma yangu, wakapaza sauti, "Usimusikilize, papa! Mutoto ni wake, mizigo ni yetu!"

"Basi kesho uzime, ubebe kabichi zangu tu," nikasema. "Betri ikikataa, hasara ni yangu."

"Na kampuni ikiniuliza?"

"Waambie mafuta yanayoungua hapa chini hayamfikishi mtu popote."

Usiku huo nilinunua kabichi kwa mtaji wangu wote. Kama zingeoza, tusingekuwa na biashara wala chakula, na mtoto ningelazimika kumpeleka kulekule kwenye vita.

Asubuhi wapagazi walikuwa katikati ya kazi rubani alipozima. Kimya kikaanguka juu ya uwanja. Mara wapagazi wakatupa magunia, wanawake wakanyakua watoto, watu wote wakakimbilia lango. Mama mmoja akajitupa chini ya mkokoteni. Kwa miaka yote ile, injini ilizimika ghafla pale tu risasi zilipokuwa karibu mno na rubani mwenyewe ameikimbia ndege.

Rubani akatoka mlangoni, mikono juu. "Rudini! Nimezima tu! Hakuna kitu!"

"Ungesema mbele, papa!" akalia yule wa chini ya mkokoteni. "Goti langu utalitibu wewe!"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Kabichi zangu zilikuwa ndani.

Walipomaliza kupakia, rubani akajaribu kuwasha. Panga la mbele likazunguka kivivu, likasimama. Akajaribu tena. Likazunguka, likasita, kisha injini ikakohoa na kushika. Ndege ikaondoka na mzigo wangu, nami nikagundua kwamba nilikuwa nimekunja kitenge changu mkononi mpaka kikalowa jasho.

Kampuni ilipoona kwamba mapipa ya mafuta yanachelewa kwisha, ikanunua betri kubwa yenye magurudumu, ya kuwashia ndege zikiwa chini. Marubani wengine nao wakaanza kuzima. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya kifua cha mtoto wangu. Walifanya kwa ajili ya mapipa yao. Sikuwalaumu. Ndege bado zinatoa moshi angani, na waliosoma wana kazi kubwa ya kuupunguza huko juu. Lakini nimeona kwa macho yangu desturi iliyoletwa na vita ikiachwa asubuhi moja, na kwa hiyo siwezi kukubali mtu akiniambia kwamba haya mengine hayawezekani.

Miezi ilipita. Siku moja, ndege ikipakiwa kimya, nilisikia ng'ambo ya ukuta mtoto akiruka kamba huku akiimba. Alifika mwisho wa wimbo bila kukohoa, akaurudia tangu mwanzo.

Ni mama yako huyo. Kiwanja sikumpeleka.