Nchi Isiyomwacha Mtu Akosee

Kuna swali moja ambalo nikiulizwa tena nitajibu vibaya. Mgeni anakuja Diani, anakaa siku chache, anasikia ngoma ya hotelini baada ya chakula, halafu kesho yake ananikuta nimebeba mashuka ya kufua na kuniuliza: mbona nchi yenu ni ndogo hivi na imetoa wanamuziki wengi hivi? Kuuliza si dhambi. Kutoka Likoni mpaka Vanga, pwani yetu yote ya kusini, ni safari ya asubuhi moja, na bado ukiingia kwenye bendi yoyote ya maana, Mombasa au Nairobi, utamkuta mtu wetu ameshika kitu. Mdogo wangu mwenyewe, tuliyeachiana ziwa, anapiga gitaa Ulaya, na naambiwa kuna vijana wa huko wanaoiga mkono wake.

Kinachoniudhi ni majibu wanayopewa. Mpiga ngoma wetu huwaambia ni upepo wa bahari. Meneja huwaambia ni damu. Mtangazaji mmoja nilimsikia redioni akisema ni madafu. Upepo huo huo unavuma pwani nzima, na madafu yananyweka kila mahali, na nimeona watu wa pwani hii hii wasioweza kugonga hata mlango wakapatia.

Jibu ni mama yangu, na wengine kama yeye, ambao Mungu ametujalia wengi mno. Sisi hatujui kumwacha mtu akosee wimbo.

Nimezaliwa kijiji cha Munje. Siku moja, nikiwa msichana mdogo, nilikuwa natwanga mahindi na shangazi kwenye kinu kimoja, mchi wake ukipanda wangu unashuka. Jirani wa nyumba ya tatu, ambaye hata hakuwa anatuona, akapaza sauti kutoka uani kwake: "Huyo wa pili anachelewa." Wa pili nilikuwa mimi. Mahindi yalikuwa yanapondeka vizuri tu, lakini hakuna aliyeuliza habari za mahindi. Shangazi alinisimamisha tukaanza upya.

Mtu wetu akishona nguo ikaenda upande, tutasema mashallah, asivunjike moyo. Akipika wali ukaungua, tutakula na kushukuru. Lakini akikosea wimbo, hata akiwa ana homa, hata akiwa ni biharusi mwenyewe, atakosolewa papo hapo na yeyote aliye karibu. Mama alizidi wote. Hakuwahi kusimama mbele ya watu akaimba, yeye kazi yake ilikuwa kuuza mahamri asubuhi na kulima. Lakini aliwahi kuwasimamisha kina mama waliokuwa wakimsindikiza biharusi, katikati ya njia, jua la saa saba, kwa sababu vigelegele viliingia kabla ya mahali pake. Wakarudi nyuma mpaka kwenye mkorosho wakaanza tena. Biharusi alikuwa anatoka jasho mpaka wanja ukamwagika.

Jirani yetu wa sasa ni mama wa kutoka bara, Mkristo, aliyenunua shamba upande wa juu. Wiki ya kwanza alikuwa anaanika nguo akiimba wimbo wa kanisani kwao. Mama, aliyekuwa hajawahi kuusikia wimbo huo maishani mwake, alimwambia kutoka upande wa pili wa ua: "Mwanangu, hapo pumua kwanza." Yule mama akacheka. "Ai, hata choirmaster wetu hanisumbui hivi." Lakini Jumapili iliyofuata alipumua.

Mimi nilichoka mapema. Nilikuwa napenda kuimba nikipika, na kila nilipofungua mdomo mama alikuwa na neno, akiwa uani, akiwa chumbani, hata akiwa chooni. "Sivyo. Rudia." Siku moja nikaweka mwiko chini nikajiapiza kwamba sitaimba tena akisikia, na kiapo nilikitunza mpaka nikawa mtu mzima mwenye wajukuu. Mdogo wangu alikuwa na kichwa kigumu. Aliambiwa sivyo akarudia, akaambiwa sivyo akarudia, mpaka siku moja mama akanyamaza, na huko kunyamaza kwake ndiyo ilikuwa sifa. Hata wimbo wake ulipopigwa redioni, kijiji kizima kikashangilia, mama alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Anaharakisha." Mdogo wangu akapigiwa simu akaambiwa. Wimbo uliofuata ulikwenda pole pole, na ndio huo uliompeleka Ulaya. Yeye alirudia, mimi niliweka mwiko chini. Yeye yuko na gitaa, mimi niko na mashuka.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, mama akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaenda. Hospitalini Msambweni walimtibu wakamrudisha nyumbani akiwa anaelewa kila kitu na hasemi chochote. Daktari hakunificha. Alisema maneno yasiporudi mapema, huenda yasirudi kabisa, kwa hiyo tumzungumzishe. Nikaomba hotelini nipangiwe zamu za mchana, nikahamia kwa mama.

Kila asubuhi nilimwambia shikamoo, na marahaba haikuja. Nilimwonyesha kijiko kama nilivyofundishwa. "Mama, hiki ni nini?" Alikitazama kijiko, akanitazama mimi, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Nilikasirika naye, nikakasirika na kijiko, nikakasirika na nafsi yangu kwa kumkasirikia mgonjwa. Harusi ilipita nje na ngoma yao ikachelewa wazi wazi, hata mimi nilisikia, na mama akageukia ukutani. Siku hiyo nililia. Mimi niliyeukimbia mdomo wake miaka yote nilikuwa nautaka kuliko kitu chochote.

Jirani wa bara ndiye aliyeleta rai. "Si tumwimbie vibaya? Atashindwa kunyamaza, trust me." Tukakusanyika chumbani. Yeye akaimba wimbo wake wa kanisani bila kupumua popote. Shangazi, aliyekuwa sasa mkongwe, akaimba wimbo wa kutwangia akiuvuruga kwa makusudi. Mdogo wangu akapiga gitaa kwenye simu kutoka Ulaya, nyuzi zimelegezwa. Mama alitutazama kama watoto wanaocheza kupika, kisha akafumba macho.

"Dada, nimepiga vibaya kadiri ya uwezo wangu," mdogo wangu akasema.

"Anajua mnamchezea," shangazi akasema, akatafuta bakora yake akaenda zake.

Baada ya hapo niliacha mbinu. Vijiko nikavirudisha jikoni.

Asubuhi moja nilikuwa nimechelewa. Maji ya vuguvugu yako kwenye karai, mama nimemkalisha kwenye kiti cha plastiki, na ameubana mkono wake wa kushoto, ule mzima, ubavuni hataki niuoshe. Sikuwa na subira hata kidogo. Nikaanza kumbembeleza mkono huku nawaza zamu, na mdomo wangu ukawa unaimba wenyewe, wimbo aliokuwa akituimbia alipotuogesha, ule wa kumwambia mtoto ainue kwapa. Wallahi sikujua kwamba naimba.

"Sivyo."

Niligeuka kutazama mlangoni, nikidhani ni shangazi. Hakukuwa na mtu.

"Sivyo," mama akasema, kwa nusu ya mdomo, na uso umemkunjamana kama zamani.

Ilinipasa niseme alhamdulillahi. Badala yake yalinitoka mengine. "Mama, nimekulisha, nimekuogesha, nimekuamkia kila siku ya Mungu hujaniitikia. Kijiko hukukijua. Leo ndiyo unasema, na unasema nimekosea?"

Alinisubiri nimalize. Kisha akauvumisha ule mstari, bila maneno, sauti ikikwaruza, akishuka pale nilipokuwa nimepanda. Akanyanyua kidevu kunielekeza. Zamu yangu.

Nilikuwa nimeshika sabuni na machozi yananitoka. Nikaimba.

"Sivyo. Rudia."

Nikarudia.