Karani wa Vibali vya Maandamano

Wanajeshi wetu walivuka mpaka kwa wiki sita tu, kumsaidia jirani apate amani. Huu ni mwaka wa tisa, na jirani bado hajashukuru vya kutosha.

Wananchi walipochoka walikwenda manispaa, dirisha namba nne, kuomba kibali cha kuandamana. Hapo aliketi Mama Mihuri, mjane mpole mwenye mwandiko wa kupendeza. Kwa mwandiko huo aliwajibu wote sentensi moja aliyopewa na wakubwa: "Vita vinakwisha mwezi ujao, hivyo maandamano hayana haja." Waliipata walimu, waliipata wauguzi, hata shemeji yake hakuikosa.

"Mwezi ujao upi, shemeji?"

"Huu unaokuja, shemeji. Anayefuata!"

Hakuwa mnafiki. Kitinda, mwanawe wa mwisho, alikuwa huko vitani, na mama asipoamini atalalaje?

Ijumaa ile Kitinda alikuwa arudi. Godoro lilikwisha anikwa, kandambili mpya zilikwisha wekwa mlangoni. Badala yake ikaja barua kazini: muda wake umeongezwa, atarudi mwezi ujao.

Mama Mihuri akaisoma mara mbili. Akainuka, akazunguka kaunta, akajipanga kwenye foleni pamoja na akina mama saba waliokuja na ombi lao. Ikabidi mkuu wa idara, aliyehamishiwa hapo juzi, akae dirishani mwenyewe.

"Mama, unafanya nini huko?"

"Naomba kibali, bosi."

"Si wewe ndiye unayekataa?"

"Leo nina udhuru. Nikatalie wewe."

Bosi akashika muhuri mwekundu wa kukataa, akagonga. Karatasi ikabaki nyeupe. Akagonga tena, meza ikalia.

"Umekauka wino," Mama Mihuri akamwelekeza. "Miaka tisa si mchezo. Ule wa kukubali ndio mzima, haujaguswa."

Bosi akakimbilia stoo kutafuta wino. Aliporudi, dirishani hapakuwa na mtu, na muhuri wa kukubali ulikuwa umeguswa.

Barabarani akina mama walitembea kimya, kila mmoja akimwonea haya mwenzake. Mama Mihuri akapaza sauti. Kila ombi huja na orodha ya maneno yatakayotamkwa, naye alikuwa ameyasoma yote kabla ya kuyakata kwa kalamu. Akayatoa ya walimu, akayatoa ya wauguzi, wenzake wakaitikia, watu wakatoka madukani. Yakamwishia. Akasimama katikati ya njia, akatoa la kwake:

"Nirudishieni mwanangu! Leo!"