Kansa Niliyoiita Vidonda vya Tumbo

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja nilipokalishwa kati ya baba yangu na daktari, nikatakiwa kusema neno moja tu, nami nikalikimbia.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mtu wa barabarani: leo nakata miwa, kesho napakia mawe, mwezi ujao niko Merigi nauza viatu vya mitumba. Nilikuwa nimepita nyumbani Kiptere kupumzika wiki chache, nikamkuta mzee anaamka mara nne, mara tano kwa usiku mmoja kwenda haja ndogo, na akifika huko anasimama kama mtu anayengoja mvua ya Januari. Nikampeleka hospitali. Wakampima damu, wakamtoa kinyama kidogo wakipime, wakatuambia turudi kwa majibu.

Kiswahili cha baba kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia ndama. Cha hospitali hakukijua. Basi daktari, kijana wa upande wa Kisii mwenye haraka na roho nzuri, akanigeukia mimi.

"Mwambie mzee ana kansa ya tezi dume. Lakini asiogope, ni ndogo, haijatoka mahali pake, na ya aina hii huenda polepole. Tutaichunga. Arudi baada ya miezi mitatu apimwe damu, tuone kama namba ya kansa inapanda." Akaongeza mambo ya chakula: apunguze nyama ya mafuta, maziwa mazito na sukari, ale mboga, maharagwe, nyanya zilizopikwa, atembee. "Chakula hakitaiponya," akasema, "lakini tusiisaidie kukua."

Wewe, mwanangu, umekua wakati haya yanatangazwa redioni watu wakinywa chai. Sisi tulilelewa kwamba mtoto wa kiume hataji sehemu za baba yake, hata kwa mafumbo. Neno la lugha yetu la mahali pale nililijua, lakini nilikuwa nimelitumia kwa fahali tu, na kwa matusi ya vijana wenzangu. Nikafungua kinywa. Baba alikuwa ameinamisha sikio, ananingoja.

"Anasema una vidonda vya tumbo," nikamwambia.

"Vidonda tu?"

"Vidonda tu. Uchunge chakula, urudi baada ya miezi mitatu."

Baba akashukuru kwa sauti, akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili. Daktari naye akafurahi kuona mzee jasiri hivyo. Mimi nilitazama ukuta. Wiki hiyohiyo nikarudi barabarani. Nilijiambia ni heshima, mwanangu. Uoga ukikosa nguo huazima ya heshima.

Sikujua uongo wangu ulikuwa na chakula chake. Huku kwetu kila mtu ni daktari wa vidonda vya tumbo. Jirani mmoja akamwambia mama maharagwe yatamchoma mzee, mwingine akasema nyanya ndiyo sumu kabisa. Yakaondolewa yote. Akapewa mursik asubuhi na jioni, maziwa yetu ya kwenye kibuyu, yale mazito ya juu. Akapewa supu ya mafuta "ipake vidonda," na vijiko vinne vya sukari kwenye chai "apate nguvu." Alichokatazwa kiliingia, alichoagizwa kikatoka mlangoni. Na yote yalifanywa kwa upendo.

Miezi mitatu ilipokwisha nikarudi. Baba alikuwa amenenepa, mashavu yanang'aa.

"Unaniona?" akajigamba. "Vidonda vimelala fofofo."

Siku hiyo hospitalini alitupokea muuguzi, mama wa makamo kutoka Roret, Mkipsigis kama sisi. Hakuhitaji mkalimani. Akatazama karatasi ya damu, akakunja uso.

"Baba, namba imepanda sana. Hii kansa unaichunga kweli? Unakula nini?"

"Kansa ya nani?" baba akauliza. "Mimi ni wa vidonda."

Yule mama akanigeukia polepole. "Ni wewe ulimtafsiria?"

Hakunigombeza, alivuta kiti akakaa karibu na baba, akamweleza yote kwa lugha yetu, akapataja mahali pale kwa jina lake, kama mtu anayetaja daraja la kuvuka. Nilingoja mbingu ianguke. Haikuanguka. Baba akauliza swali la mkulima.

"Sasa maziwa yanafikaje huko? Tumbo liko hapa, hiyo nayo iko kule."

"Mwili wako umejengwa kwa vitu vidogo sana vinaitwa seli," akasema. "Kila seli ina masikio. Hupewa ujumbe: kua, tulia, umezeeka sasa ufe. Seli ya kansa imekosa adabu. Wa kutulia hausikii, wa kukua inausikia hata ukinong'onwa. Homoni ya kiume ndiyo sauti kubwa kuliko zote. Lakini mtu akila mafuta na sukari kupita kiasi, akanenepa, mwili hutoa homoni zingine za kukuza, nazo zinapiga kelele ileile: kua, kua."

"Kumbe nimekuwa nikiyawekea magugu mbolea."

"Huenda. Siwezi kuapa ni chakula, pengine ingepanda yenyewe. Lakini hatukuisaidia kulala."

Ikabidi apimwe upya kuona kama imetoka mahali pake. Ikiwa imefika mifupani, muuguzi alituambia, mambo yatakuwa magumu. Tulikaa kwenye benchi la nje tukingoja kuitwa, na hapo ndipo baba aliponikemea, bila kupaza sauti.

"Mahali ulipoona haya kupataja, ndipo ulipotoka wewe. Ulidhani nilikuokota kwenye majani chai?"

Muuguzi alikuwa anapita. Alicheka mpaka akashika ukuta. Baba naye akacheka. Mimi nililia, mtu mzima, mbele ya wagonjwa.

"Nyamaza," akasema. "Heshima ni nguo, lakini kwa daktari watu huvua."

Siku kumi za kungoja majibu sikumaliza sahani hata moja ya ugali. Tuliporudi, daktari yule wa Kisii alianza na tabasamu: ilikuwa imekua, lakini bado ilikuwa mahali pake. Sijui kama unajua jinsi kifua kinavyofunguka, mwanangu. Nilitoka nje nikavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani. Baba alidungwa sindano za kunyamazisha ile homoni, akapelekwa mjini kuchomwa kwa mionzi. Mwaka huo sikwenda popote. Nilipika mboga, nikachemsha maharagwe, nikatembea naye kati ya mashamba ya chai huku akilalamika kwamba namlisha kama mbuzi. Namba ikashuka, ikakaa chini. Mpaka leo yuko, anachuma chai yake mwenyewe, na ananiita Mkalimani mbele ya wageni.

Basi nisikilize. Ukisimama kati ya mgonjwa na daktari, fikisha neno zima kama ulivyopewa, hata kama linakuchoma ulimi. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi naongeza kwamba anayemfichia baba yake anaweza kumzika. Wewe mwenyewe miaka ikisogea, na mkojo ukianza kusitasita, usingoje kulazimishwa, nenda upimwe. Kula kwa kiasi, mboga iwe nyingi na mafuta yawe machache, wala usimwamini anayekuambia majani ya sokoni yanatosha, uache sindano. Chakula ni msaidizi, si tabibu.

Mungu akupe miaka mingi, mwanangu. Uzeeke mpaka wajukuu wakuchoke, na akupe mtoto asiyeona haya kukwambia ukweli wa mwili wako.