Sharti Nililoongeza kwenye Kufuli la Shemeji

Programu ile ilitugharimu disketi nne, safari tisa za Homa Bay, jogoo mmoja, na wiki saba za kunyamaza. Nimehesabu mara mbili. Disketi, safari na jogoo naweza kuvieleza mbele ya mtu yeyote. Ni zile wiki saba zinazonikalia vibaya.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na kibanda cha kupiga chapa Migori, na kompyuta moja niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ambayo haikuwaka mpaka ipigwe kofi ubavuni. Watu walikuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, kumbukumbu za vikundi, malalamiko kwa chifu. Shida ni kwamba mlalamikaji akiondoka, mlalamikiwa naye anakuja kuandikiwa majibu kwenye mashine ile ile, na macho hayana pazia.

Mume wa dada yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Jioni alikuwa akija kukaa kwenye mashine yangu, na baada ya miezi kadhaa akatoa programu ya kufunga faili. Unaipa barua neno la siri, barua inageuka takataka. Unarudia neno lile lile, barua inarudi. Nilifurahi sana, nikaanza kuwaza bei.

Yeye hakuwaza bei. Alitaka ipelekwe kwenye ghala la programu huria huko Ulaya, mahali ambapo watu huweka kazi zao ili yeyote achukue bure, pamoja na maandishi yote ya ndani yanayoonyesha ilivyoundwa.

"Shemeji, wacha nielewe," nikamwambia. "Umetengeneza kufuli. Sasa unataka kuwapa watu kufuli na mchoro wa kufuli, bila hata senti?"

"Ndiyo."

"Na mwizi?"

"Mwizi naye achukue. Kila fundi hapo sokoni anajua kufuli lilivyo ndani. Ufunguo wako ndio hana. Na wakiangalia wengi, mmoja ataniambia pale nilipokosea."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Ghala hilo, kila baada ya muda, lilikuwa likikusanya programu zake zote kwenye CD na kuisambaza nchi nyingi. Hapo ndipo shemeji alipoweka roho yake. "Miaka kumi na mbili nafundisha," alisema, "na jina langu liko kwenye payslip na kwenye orodha ya zamu. Nataka liwe kwenye hiyo CD."

Barua pepe niliyoijua mimi ilikuwa Homa Bay, kwenye ofisi ya mradi mmoja wa ziwa, nayo ilifunguliwa siku za kazi tu, siku ambazo shemeji yuko darasani. Kwa hiyo akanituma mimi. "Wewe ndiye ulikaa kwenye mahari ya dada yako," alisema. "Nilikuwa nimeshasimama niende zangu, na bado ukanitoa ng'ombe wawili zaidi. Hao wazungu watakushinda wapi?"

Safari ya kwanza nilisahau ni Jumamosi. Karani wa ofisi ile alikuwa mama Msabato, na hata mradi ungefungua, yeye asingefungua. Ya pili nikaenda na disketi ndani ya kopo la kakao, na jogoo chini ya kwapa.

"Baba, hii ni ofisi," alisema, akimwangalia jogoo. "Mpeleke nyuma kwanza, halafu tuongee."

Jibu la mtunza ghala lilikuja likiwa na furaha. Alisema programu za kufunga faili zinazoandikwa Marekani zinabanwa na sheria za huko, kuzitoa nje ni taabu, ila yetu imeandikwa Kenya na wao wanaweza kuiweka bila wasiwasi. Tuandike tu masharti yetu.

Nikasoma mara mbili. Mali ya Migori ina kitu ambacho mali ya Marekani haina, na mnunuzi ameniambia kwa mdomo wake mwenyewe. Nani hufanya hivyo?

Shemeji alikuwa ameshaandika masharti yake: chukua, badilisha, gawa, acha jina langu. Pale pale kwenye meza ya karani nikaongeza langu: anayetaka kuitumia kwa biashara aombe ruhusa kwetu Migori kwanza. Sikulitaka hata mimi. Ilikuwa bei ya kufungulia tu. Kwenye mahari unataja ng'ombe ishirini ili wenzako wapate cha kukataa. Ukitaja kumi moja kwa moja umewadharau, umewanyima kazi waliyokuja kufanya.

Jibu likaja: na sharti hilo hatuwezi kuipokea. Liondoe, tutaiweka siku hiyo hiyo. CD inafungwa karibuni.

"Amekataa," karani akasema.

"Hajakataa, mama. Tazama tarehe, amejibu kwa siku mbili. Mtu anayekataa hana haraka hivi."

"Amesema hawezi."

"Hata shemeji alisema hawezi."

"Na aliweza?"

"Ng'ombe wawili."

Basi nikafanya kama inavyofanywa: nikaondoka polepole, nikisubiri kuitwa. Wiki saba. Shemeji akiuliza wamesema nini, namjibu, "Bado tunaongea." Na kichwani mwangu tulikuwa tunaongea kweli.

Niliporudi Homa Bay hapakuwa na barua hata moja. Nikaandika kuuliza, nyinyi mnatoa ngapi? Wakajibu kwamba hakuna bei, hapajawahi kuwa na bei, na CD imeshafungwa, samahani. Nikafuta sharti, nikatuma. Wakaiweka siku hiyo hiyo, kama walivyosema mwanzoni. Nilikaa kwenye kiti cha karani bila kujua kama nimeuza, nimenunua, au nimeibiwa, na kama nimeibiwa, na nani.

Nilimwambia shemeji kwamba imeingia ghalani lakini imekosa CD.

"Kwa nini?"

"Wazungu walichelewa."

"Basi," akasema, akainuka kwenye mashine. Hakuja tena jioni. Mgeni mmoja wa mbali aliandika kumwonyesha kosa kwenye programu, jambo lile lile alilolitamani, nami nikampelekea barua hiyo nyumbani. Aliikunja akaitia mfukoni mwa shati. "Ni yao sasa. Watatengeneza."

CD iliyofuata ilitumwa kwa sanduku langu la posta. Nikaiangalia kwenye mashine ya mtu, maana yangu haikuwa na pa kuingizia CD. Jina lake limo, mara mbili. Mpaka leo iko kwenye droo yangu, kwa sababu nikimpa ataniuliza kwa nini ni hii na si ile ya kwanza, na mimi kwa shemeji siwezi kusema uongo ule ule mara mbili.

Nyinyi mliowahi kumkosea shemeji, nishaurini. Nitangulize maneno, CD ifuate? Au nitangulize mbuzi? Na tafadhali, nitajieni jibu lenyewe mara moja, msianzie juu.