Mkipata Nafasi, Pitieni

Mdogo wangu aliuza nyumba yake ya Woodbury mwezi wa tano, na kufikia mwezi wa kumi yeye, mumewe na watoto wao wawili walikuwa wanaishi ndani ya mashua ya tanga huko Meksiko. Nasema kwa mkato kwa sababu nami niliambiwa kwa mkato. Alikuja kwangu Burnsville Jumapili baada ya kanisa, akala chapati tatu, akasema, "Tumeamua kuishi kidogo." Nikamuuliza sisi wengine tunafanya nini. Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Mama alikuwa ameketi pale pale mezani na hakuna aliyemtaja. Aliletwa Minnesota kuwalea hao watoto wa mdogo wangu, kama mama zetu wengi wanavyoletwa: unampokea uwanja wa ndege na koti la kuazima, na wiki ya pili tayari ana mtoto mgongoni. Aliwabeba wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akizunguka jiko la Woodbury huku theluji ikianguka nje. Sasa msichana alikuwa na miaka tisa, mvulana saba, na mashua haikuwa na kitanda cha nyanya. Kwa hiyo mabegi yake mawili na sufuria yake ya ugali vilishushwa mlangoni kwangu, na shemeji, Mzungu wa watu mwenye tabasamu zuri, akanikumbatia kama mtu aliyeniletea zawadi.

Kila baada ya wiki mbili waliandika mtandaoni habari za safari yao. Mimi ndiye niliyemsomea Mama, nikigeuza Kiingereza chao kuwa lugha yetu, maana hakuna aliyekumbuka kumwandikia yeye. Nilimsomea La Paz, ambako mashua ilinunuliwa. Nilimsomea Mazatlán, ambako watoto walikula samaki sokoni hadi matumbo yakauma. Nilimsomea mji fulani mdogo ambako mtu wa mikate huzunguka asubuhi na boti, akiuza kutoka mashua hadi mashua. Nilisoma nikiwa bado na sare ya kazi, miguu ikiwaka, na ninakiri kwamba wivu ulinila.

Mama hakuwa na wivu. Alikuwa na maswali. "Mlango wanaufunga na nini?" "Choo kiko wapi?" "Huyo mvulana hulala akijipindua, si ataanguka majini?" Alizaliwa milimani na hakuwahi kujua kuogelea, na mashua ile aliiombea kila asubuhi kama mtu wa familia.

Baridi ya pili moyo wake ulichoka. Miguu ilivimba hadi ndara zikakataa kuingia. Daktari alinitoa nje ya chumba akaniambia nihesabu wiki, nisihesabu miezi. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Mimi ni nesi, na kazi yangu ni kukaa na watu wanaokufa majumbani mwao.

Mama aliomba kitu kimoja tu. "Nataka kuwashika wale watoto kichwani," alisema. Kwetu mzee haondoki bila kuwawekea wajukuu mikono na kuwatamkia baraka zake. Nikamwambia tunaweza kuwapigia kwa video. Akanitazama kama mtu aliyepewa maziwa yaliyoharibika. "Kwa simu nitashika nini?"

Sasa hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Baba yetu alipofariki Kenya, kabla Mama hajaletwa huku, hakuna aliyetuambia amefariki. Anko alipiga simu Woodbury, sisi wawili tukiwa jikoni na simu kwenye spika, akasema, "Baba yenu ana homa kidogo. Mkipata nafasi, pitieni." Ndivyo watu wetu wanavyofanya. Aliye mbali haambiwi neno zito peke yake njiani. Anaambiwa homa, anakata tiketi, na ukweli anaukuta nyumbani, watu wakiwa wamemzunguka. Mimi nilikuwa bado nauliza homa ya nini. Mdogo wangu alikuwa ameshakaa chini sakafuni, anapiga mayowe. Yeye ndiye aliyeelewa wa kwanza. Hilo sikulisahau.

Na kazini kwangu ni kinyume kabisa. Tumefundishwa kutozunguka. Ninawapigia watoto wa watu nisiowajua, na ninasema: mama yako anakufa, ni siku chache, njoo sasa. Nimesema hivyo mara nyingi kiasi kwamba sauti haitetemeki tena.

Nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya duka la dawa, injini inanguruma, dirisha limejaa ukungu, nikamwandikia mdogo wangu. Niliandika. Nikafuta. Kisha nikaandika hivi: "Mama hajambo kidogo. Anawauliza watoto sana. Mkipata nafasi, pitieni." Nikatuma, nikaingia kuchukua dawa za Mama na mafuta ya mikono aliyoniagiza.

Jibu lilikuja siku ya pili, kwa Kiingereza. Amefurahi mno kusikia Mama ana nafuu. Wanaelekea Zihuatanejo, upepo ni mzuri, watoto wamemtumia busu. Wakipata nafasi mwezi wa nne watakuja. Chini yake aliweka picha ya pomboo.

Nililisoma mara tatu. Nilikasirika. Nikasema moyoni, haya, umekuwa Mwamerika, baki na pomboo wako. Ningeweza kumpigia simu saa ile ile. Sikupiga. Mama alipouliza wamefikia wapi, nilimjibu, "Wako njiani." Basi kila asubuhi akanitaka nimpake yale mafuta mikononi, ili mikono isiwe mikavu watoto watakapofika. Nikampaka, siku kumi na moja, nikijua.

Alikufa Alhamisi, chai yake ikiwa bado ina moto. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikaumbuka. Nilipiga simu, na safari hii nilisema kwa lugha ya kazini, bila kuzunguka, na nilisikia upepo upande wa pili.

Walifika baada ya siku nne. Mdogo wangu amekuwa mweusi wa jua, nywele zimekatika kwa chumvi, amevaa koti la kuazima kama Mama siku ile ya kwanza. Hakunisalimia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia nini? Haki, uliniambia hajambo!" Alitoa simu, akautafuta ujumbe, akausoma kwa sauti jikoni kwangu. Ukisomwa kwa sauti, ulikuwa ujumbe juu ya mtu anayeendelea vizuri.

"Ya Baba ulielewa," nikasema. "Maneno ni yale yale. Ulielewa kabla yangu."

Aliiweka simu mezani. "Maneno gani? Mimi sikusikia maneno. Anko alikuwa analia. Wewe hukusikia kwamba alikuwa analia?"

Sikuwa nimesikia. Miaka yote ile niliamini mdogo wangu alikuwa na sikio la kwetu, kumbe alisikia tu mtu mzima akilia kwenye simu. Na mimi sikumpa hata sauti. Nilimpa mistari mitatu iliyonyooka.

Kabla ya ibada watu wa nyumba ya mazishi walituacha tumwone Mama peke yetu. Alikuwa amevishwa gauni lake la kanisani, mikono imepangwa tumboni, na mafuta niliyompaka mimi yameshafutwa. Mdogo wangu alijaribu kuuinua mkono mmoja. Haukuinuka. Basi akawaambia watoto kwa Kiingereza wainamishe vichwa, na wakainama, mmoja baada ya mwingine, hadi nywele zao zikagusa vidole. Mvulana aliuliza, kwa Kiingereza pia, kama hiyo inahesabika. Mdogo wangu alinigeukia mimi, mkubwa wake, nesi, ili nimjibu mtoto wake.

Nilisema ndiyo, inahesabika.

Walirudi kwenye mashua kabla theluji haijaisha. Hatujagombana tena, tunatumiana salamu za Krismasi. Anaamini nilikosea kwa sababu ya mila, kwamba nilishika desturi ya wazee mahali pasipo pake, na amenisamehe kwa hilo, ameniandikia hivyo kabisa.

Ujumbe wa kwanza, ule nilioufuta kwenye maegesho, ulisema: "Mama anakufa. Njooni kesho." Ulikuwa umekamilika, kidole kiko juu ya kitufe. Nikafikiria wangekuja kwa kuwa nimewaita, kama wanavyokuja wale ninaowapigia kazini, na mimi nilitaka mdogo wangu aelewe bila kuitwa. Nilitaka nimpime. Mama alikuwa akinisubiri nyumbani, na mafuta ya mikono yalikuwa kwenye orodha yangu ya dukani.